Inapitika Hadi Kileleni

Jumamosi, 22 Februari

Tumehesabu magogo mia moja na kumi na manne, na hapo tulikuwa nusu ya njia tu. Siku tatu za mvua iliyoganda kabla haijagusa ardhi zimeuacha msitu wa Sivnik kama kiberiti kilichokanyagwa. Misonobari imekatika katikati. Miti ya bukva, ambayo Kiswahili hakina jina lake nami nimeiita kama wao kwa miaka hamsini, imeng'oka pamoja na mizizi na udongo wake, ikasimamisha kuta kila mahali.

Chama cha wapanda milima kimetupa sehemu ya juu, kutoka kibanda cha mbao hadi kileleni. Vinko Robar anashika msumeno. Mimi nashika daftari. Bi Zdenka, aliyekuwa bibi wa posta na sasa ni mkuu wa njia, anataka njia iwe wazi Jumatatu ya Pasaka, siku ambayo kijiji kizima hupanda hadi kanisa dogo la kileleni na vikapu vya mayai na nyama.

"Injinia," aliniambia pembeni, "Vinko mwangalie."

"Nimwangalie vipi?"

"Unajua vipi."

Najua. Vinko hunywa, na kila mtu bondeni anajua anakunywa nini, kiasi gani, na kwa nani. Mimi hawajui hata chai yangu naiwekea vijiko vingapi vya sukari. Nimekaa hapa tangu nilipohitimu masomo ya misitu, ambayo kwao humpa mtu jina la Injinia, nikaoa hapa, nikamzika mke wangu Silva hapa, na katika muda wote huo sijawapa watu hawa kosa hata moja la kuzungumzia mezani. Mgeni akikosea hesabu ya magogo, watu hawasemi habari ya hesabu. Wanasema alikotoka. Hilo nililijua mwaka wa kwanza.

1 Machi

Mvua. Hatukupanda.

8 Machi

Magogo kumi na tisa. Magoti yanauma zaidi nikishuka kuliko nikipanda.

Vinko hakati mti kabla ya kuuzunguka. Leo tulikuta bukva nene imelala juu ya njia, kichwa bondeni, mizizi mlimani. Aliizunguka mara tatu hadi nikachoka kusimama.

"Unatafuta nini, Vinko? Pochi?"

"Natafuta mti unataka kwenda wapi."

"Umeshaanguka. Hauendi popote."

"Wewe Injinia, chuoni mlikuwa mnasoma nini? Mti uliosimama umetulia. Ulioanguka ndio unaotaka kwenda." Akanionyesha kwa kidole. "Huku umekunjika, huku umevutika. Anza ulipokunjika, kata kidogo tu. Halafu malizia ulipovutika. Ukikosea, msumeno unabanwa. Ukikosea sana, unabanwa wewe. Na nyuma ya mizizi usisimame. Shina likikatwa, ile inarudi shimoni kama mfuniko."

Akaukata. Mizizi ikarudi shimoni kwa kishindo, udongo ukaturukia hadi usoni. Yote hayo niliyasoma nikiwa na miaka ishirini na mbili, nikayafanyia mtihani. Sikumwambia kwamba nusu yake nimesahau.

Daftari la chama lina kawaida yake ya miaka mingi. Kila kipande cha njia huandikwa tarehe, idadi ya magogo, herufi za mwenye msumeno, na mwishoni neno moja: inapitika, au haipitiki. Mwandishi hajiandiki. Anayekata ndiye anayewajibika. Ikishaandikwa inapitika, Bi Zdenka huondoa kibao cha kufunga njia, na hakuna anayepanda tena kukagua. Leo nimeandika V. R. mara nne, kwa mwandiko wangu mzuri.

15 Machi

Vinko alichelewa saa nzima, na pumzi yake ilinuka pombe ya peasi. Alifanya kazi vizuri. Jioni nilimpigia simu Bi Zdenka nikamweleza habari ya pumzi. Habari ya kazi sikumweleza, kwa kuwa hakuuliza.

22 Machi

Upepo wa siku mbili umeangusha miti mingine thelathini na mmoja, baadhi kwenye vipande tulivyokwisha kusafisha. Vinko alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililazimika kufuta kurasa mbili na kuziandika upya, na sikuona la kuchekesha.

29 Machi

Tulikula tukiwa tumekaa juu ya gogo: mkate, soseji, kitunguu kibichi. Vinko aliniuliza kwetu milimani kuna nini. Nikamwambia Lushoto kuna ukungu, kuna misonobari, na mwezi wa Julai kuna baridi ya kuvaa koti.

"Sasa hapa ulifuata nini, kama vyote vilikuwapo?"

"Nilikuja kusoma miaka minne."

Alitafuna kwanza, akameza. "Hesabu zako mbaya, Injinia."

Niliutafakari mzaha huo njia nzima ya kushuka. Waliokuwa wakisubiri miaka minne hiyo iishe wote wamekwisha kufa. Kijijini kwetu Mlalo hakuna aliyebaki anayenijua kwa sura. Hapa kila mtu ananijua kwa sura.

5 Aprili

Tumefika chemchemi. Juu yake zimebaki hatua kama mia sita: mteremko mkali, kona ya mwamba, kisha majani hadi kanisani. Upande wa kivuli theluji ya zamani imeganda ngumu kama sakafu. Bi Zdenka amepiga simu mara mbili wiki hii. Kamati inakutana tarehe kumi na tatu, na anataka jibu la neno moja.

12 Aprili

Tumemaliza. Magogo saba juu ya chemchemi. Vinko aliondoka saa sita mchana kwa sababu ya kondoo wake aliyekuwa akizaa. Ukaguzi nilimalizia mwenyewe. Njia inapitika hadi kileleni.

13 Aprili

Kamati walinipigia makofi. Bi Zdenka alisoma ukurasa wa mwisho kwa sauti, akasema laiti kila daftari lingeandikwa kama la Injinia. Vinko hakuja. Kondoo amekufa pamoja na wanawe wawili, na wanasema Vinko anakunywa tangu jana jioni.

"Afadhali alikata kwanza," alisema mtu nyuma yangu.

Watu wakacheka. Nami nilicheka.

19 Aprili

Nimepaka mayai rangi kwa maganda ya vitunguu, kama Silva alivyokuwa akifanya. Mawili yamepasuka.

21 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Bi Ema Lesjak ameanguka kwenye kona ya mwamba. Amevunjika nyonga na mkono. Helikopta imemchukua saa tano na nusu asubuhi.

Mimi sikupanda, kwa sababu ya magoti. Nilisikia helikopta nikiwa nakata nyama.

Siwezi kuandika zaidi leo.

22 Aprili

Waliokuwapo wanasema hivi. Kwenye kona walikuta bukva nzima imekatiza njia, shina likifika kiunoni, matawi yake yote yakiwa mazima. Watu walikuwa zaidi ya thelathini, na vikapu. Vijana walipita chini yake kwa kutambaa. Bi Ema, aliyetuuzia dawa kijiji kizima kwa miaka thelathini na ambaye huongoza sauti ya kwanza kanisani, ana miaka sitini na sita na alikuwa amevaa sketi. Aliona haya kutambaa. Akazunguka upande wa chini, kwenye theluji ya zamani. Aliteleza mita arobaini hadi kwenye mawe.

Dukani Bi Zdenka alifungua daftari mbele ya watu. V. R., magogo saba, inapitika.

"Huyo alikata saba akaona nane," alisema mwenye duka.

"Alikuwa na haraka ya chupa."

"Na sisi tunampa msumeno. Msumeno! Mimi nisingempa kisu cha siagi."

Nilinunua maziwa nikatoka.

Alasiri Vinko alikuja kwangu. Hakuwa amelewa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa mtu yeyote.

"Injinia. Siku ile, kabla sijaondoka, nilikuambiaje?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu kona. Kichwani nauona mti pale, umeegemea. Ila sijui kama niliuona siku ile, au nauona kwa sababu watu wanausema. Kondoo alipokufa nilikunywa siku tatu. Zote zimechanganyika. Nilikuambia bado, au nilikuambia tayari?"

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa.

"Sikumbuki vizuri, Vinko," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa na daktari jibu alilokuwa akilitarajia.

"Basi nilikuambia tayari," alisema. "Wewe usingeandika bila kuambiwa."

Akavaa kofia, akaenda.

23 Aprili

Niliyoyaandika tarehe kumi na mbili si kweli. Nimeidanganya hata shajara hii, iliyo katika lugha ambayo bondeni hakuna anayeweza kuisoma. Naandika upya.

Ilipokaribia saa sita, tukiwa chemchemi, na magogo saba ya hapo juu yakiwa yamekatwa, simu ya Vinko ililia. Jirani yake alisema kondoo amelala ubavu na mtoto ametokeza mguu mmoja. Vinko alizima msumeno, akafuta mnyororo, akaniambia maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema, kwa kuwa nayakumbuka yote: "Kuna bukva kwenye kona ya mwamba imeegemea mwenzake. Jana nilipanda kuitazama. Itashuka wakati wowote. Pale usiandike kitu mpaka nirudi." Kisha akashuka mbio, mtu wa miaka hamsini na minane, kwenye mteremko ule. Hakuwa amelewa. Harufu niliyoisikia kwake siku ile ilikuwa ya petroli na jasho.

Niliona nipande mwenyewe kuangalia. Nilipanda hatua themanini, nilizihesabu. Goti la kulia likakataa. Nikarudi chemchemi, nikakaa kwenye benchi, nikatoa darubini. Kutoka chemchemi kona haionekani, mwamba unaificha. Nilijua kwamba mwamba unaificha. Hata hivyo nilitazama dakika tano nzima, nikaona majani, nikaona theluji, nikaona alama ya njia iliyopakwa mwambani, duara jekundu na kitone cheupe, nikajiambia: hakuna kitu.

Kwa nini niliandika? Tangu juzi najiuliza. Bi Zdenka alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Kamati ilikuwa kesho yake. Sikutaka kuingia chumba kile na neno haipitiki, kwa sababu ya kondoo wa Vinko na goti langu. Na nilijiambia kwamba Vinko anakuza mambo, kwamba mlevi huona miti miwili palipo na mmoja. Hili la mwisho ndilo baya kupita yote, kwa kuwa nilikuwa nimemtazama kwa wiki saba akiizunguka miti, na nilijua kwamba macho yake ni mazuri kuliko yangu.

Kisha kalamu. Tarehe, saba, V. R., inapitika. Nilipoziandika herufi zake sikuwa na nia ya kumtwisha chochote. Nilifuata kawaida. Mtu angeweza kunisamehe hadi hapo, nadhani. Mzee amechoka, amekadiria, amekosea.

Lakini jana mlangoni sikuwa nimechoka. Nilimwona mtu mzima amekuja kuniuliza kilichomo kichwani mwake mwenyewe, kwa sababu ananiamini kuliko anavyojiamini, nami nikamnyima. Ilichukua maneno matatu. Tena niliyachagua vizuri: sikusema hapana, sikusema ndiyo. Hayo matatu yananifanya nione haya kuliko neno lile moja la daftarini.

Kiswahili si hata lugha ya mama yangu, ni ya shuleni. Kwa Kishambaa cha mama, kwa aibu, nisingeweza kuandika ukurasa huu.

26 Aprili

Vinko amerudisha msumeno wa chama ofisini. Hakuna aliyemwagiza. Ulikuwa umesafishwa, mnyororo umenolewa, tangi la mafuta limefutwa kwa kitambaa. Bi Zdenka alinionyesha kama mtu anayeonyesha ushahidi. "Ona, hata yeye mwenyewe anajua."

29 Aprili

Dukani mwenye duka alinihudumia mimi kabla ya wanawake wawili waliokuwa wamenitangulia.

"Pole, Injinia," alisema. "Kazi na mtu kama yule. Sisi tumekua naye, tumezoea. Wewe ungetuambia mapema."

"Alituambia," alisema mmoja wa wale wanawake. "Alimpigia Zdenka simu mwezi wa tatu, kuhusu pumzi. Injinia haachi kitu."

Walinitazama wote watatu kwa wema. Kwa miaka hamsini nimesubiri siku ambayo watu hawa wataniamini mimi kuliko mmoja wao. Nilidhani itakuja kwenye mazishi yangu. Imekuja dukani, na imekuja hivi, na jambo ninalopaswa kuliandika, kwa kuwa nimeahidi kutodanganya tena humu, ni kwamba kwa muda wa pumzi mbili au tatu nilifurahi.

4 Mei

Nimekwenda hospitali kumwona Bi Ema. Nilikuwa nimepanga kumwambia. Amelazwa karibu na dirisha, mkono umefungwa, nywele amechanwa na mtu asiyejua anavyozichana.

"Utatembea?" nilimuuliza.

"Na fimbo, hadi dukani. Mlimani labda mnibebe kwenye sanduku." Alivuta shuka kwa mkono mzima. "Wanasema mtamtoa Vinko."

"Watu wanasema hivyo."

"Nimemuuzia Vinko dawa ya mgongo miaka ishirini. Mlevi, sawa. Lakini akiwa amelewa alikuwa anasema kabla hata sijamuuliza: Bi Ema, leo nimelewa, vidonge nipe kesho. Hebu niambie wangapi walikuwa wanasema." Akageuza uso dirishani. "Nilipokuwa kwenye mawe nilikuwa najiuliza: imekuwaje, na daftari limesema?"

Nilimweleza habari za hali ya hewa. Nilimweleza kwamba miti ya cheri imechanua. Nikaweka machungwa mezani, nikapanda basi nikarudi.

7 Mei

Mvua kubwa. Sikutoka.

10 Mei

Ajenda ya mkutano mkuu imebandikwa kwenye ubao wa ukumbi wa zimamoto. Jumamosi, tarehe kumi na saba. Namba nne: Kumwondoa V. Robar kati ya wakataji wa chama. Kwa mtu wa mjini hilo ni jambo dogo. Hapa mtu asiyeaminiwa kushika msumeno hataitwa tena kusaidia kuvuna nyasi, wala kubeba jeneza.

14 Mei

Nimekwenda kwa Vinko. Alikuwa akitengeneza uzio wa kondoo, misumari miwili mdomoni. Amekonda. Nyundo yake ilipiga palepale ilipotakiwa.

"Vinko, uliniambia bado."

Aliendelea kupigilia.

"Uliniambia kuna bukva imeegemea, kona ya mwamba, nisiandike mpaka urudi. Nilikusikia vizuri. Niliandika. Na kwenye kona sikufika. Nilipanda hatua themanini nikarudi."

Alitoa misumari mdomoni, mmoja, kisha wa pili, akaitia mfukoni.

"Na siku niliyokuja kwako?"

"Nilikuwa nakumbuka."

"Vizuri?"

"Neno kwa neno."

Alikaa juu ya rundo la mbao. Kondoo mmoja alikuja akamnusa goti, akamsukuma kichwa taratibu.

"Wiki tatu," alisema. "Wiki tatu naitafuta siku ile. Nimeacha pombe ili niipate. Nimelala sakafuni natetemeka kama mbwa, nasema labda kesho itarudi. Nikawa najiuliza: Vinko, kama hili hulikumbuki, na mangapi mengine? Labda na mama nilimwambia maneno mabaya kabla hajafa. Labda lile ghala lililoungua zamani nililichoma mimi. Umenifanya nijiogope, Injinia. Watu kunisema nimezoea. Hilo sikulizoea."

"Nisamehe."

"Mimi usiniambie. Mimi nilikuwapo. Kawaambie ambao hawakuwapo."

"Nitasema Jumamosi."

"Una siku tatu za kutafuta maneno mazuri." Aliinuka, akachukua nyundo. "Yasiwe mazuri."

16 Mei

Nimempigia Bi Ema, asisikie kwa watu. Nilimweleza yote. Nilisikia gari la chakula likisukumwa wodini.

"Asante kwa kupiga simu," alisema, akakata.

17 Mei

Ukumbi wa zimamoto, watu kama arobaini, kahawa, divai nyeupe, keki za jozi za akina mama wa kwaya. Vinko alisimama karibu na mlango, shati jeupe, amenyoa, amejikata kidevuni.

Niliomba kusema kabla ya namba nne. Nilisema sentensi sita. Vinko alisema kona bado. Aliniambia nisiandike. Sikufika kwenye kona. Niliandika inapitika. Aliponiuliza baadaye, nilimdanganya kwamba sikumbuki. Bi Ema ameanguka kwa sababu yangu. Lafudhi yangu, ambayo hurudi nikiogopa, ilikuwa nzito hivi kwamba Bi Zdenka aliinama mbele ili anielewe.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, isipokuwa kilichokuja.

"Jamani, Injinia," alisema mwenye duka. "Na magoti hayo."

"Mzee wa miaka sabini na ushee," alisema Bi Zdenka, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Kosa ni letu kumpandisha kule. Kosa langu. Nilimsumbua kwa simu."

"Na amesema mwenyewe," alisema mwingine. "Nani hapa angesema?"

"Lakini na Vinko naye angeacha hata kikaratasi."

Mtu alinisogezea kiti. Mwingine aliniwekea glasi ya divai mkononi. Mikono ilinipiga begani kutoka nyuma, mmoja, wa pili, wa tatu, na sikujua ni ya nani.

"Mimi nilikuwa namba nne," alisema Vinko mlangoni. Hakupaza sauti. "Yeye amepata divai."

Akatoka. Mlango wa ukumbi ni mzito na hujifunga polepole, kwa hiyo tulizisikia hatua zake kwenye kokoto kwa muda.

Bi Zdenka alisema namba nne imefutwa, twende namba tano. Nilisema hapana. Nilisema namba nne ibaki, ila jina libadilishwe, liwe langu, na kura ipigwe.

"Si lazima, Injinia."

"Mwenzangu mlitaka kumpigia kura."

"Ile ilikuwa tofauti."

"Tofauti gani?"

Kila mtu ndani ya ukumbi alikuwa na jibu, nami nilikuwa nalo: yeye ni wetu, tunajua la kumtarajia, wewe ni Injinia. Heshima niliyoijenga kwa miaka hamsini, tofali juu ya tofali, ilikuwa imesimama mbele yangu ikinikinga, na nilitamani ibomoke.

Bi Zdenka aliuliza kwa unyonge: wanaokubali Injinia aondolewe katika kazi za njia? Niliinua mkono. Nilitazama huku na huku. Walikuwa wakitazama vikombe vyao.

Kumbukumbu za mkutano zimeandika: waliokubali, mmoja.

Niliacha daftari mezani. Mama mmoja wa kwaya alinikimbilia hadi nje na kipande cha keki kilichofungwa kwenye karatasi. Usoni pake niliona kwamba baada ya leo wataniheshimu zaidi kuliko zamani, na kwamba dhidi ya hilo sina la kufanya.

18 Mei

Keki nimewapa kuku wa jirani.

20 Mei

Bi Zdenka alimpelekea Vinko msumeno mwenyewe, hadi uani. Ameukubali. Juu ya kona kuna miti mingine kumi na miwili iliyoegemeana, na Vinko ameizunguka yote. Aliulizwa atakwenda na nani.

"Peke yangu," alisema.

Sheria ya chama, na ya kila msitu niliowahi kufanyia kazi, ni kwamba mwenye msumeno asiwe peke yake. Lazima awepo mtu mahali anapoweza kuusikia, kwa sababu msumeno ukinyamaza ghafla na usiwake tena, kuna dakika chache tu. Bi Zdenka alimkumbusha. Vinko alisema sheria anaijua, ila watu wa kumsikiliza amekosa.

24 Mei

Nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, ili magoti yapate muda wao. Nilifika chemchemi saa mbili na nusu. Msumeno ulikuwa tayari unalia juu ya mwamba. Nilipumzika, nikaendelea. Hatua themanini nilizipita bila kujua ni ipi. Mara mbili nilipanda kwa mikono na magoti, na mara moja nililala kifudifudi nikisubiri goti la kulia lifikirie.

Kona niliifikia saa tano kasorobo. Shina la bukva lilikuwa limekatwa na watu wa uokoaji, vipande vimesukumwa pembeni. Theluji imeyeyuka. Chini yake kuna majani mafupi, kisha mawe. Kutoka pale benchi la chemchemi halionekani kabisa, hata ubao wake mmoja.

Vinko alikuwa hatua hamsini mbele, ameinama, mgongo kwangu. Sikumwita. Nilikaa njiani, chini kidogo ya mahali alipokuwa akikata, nikasikiliza. Msumeno uliponyamaza nilihesabu. Mara nyingi sikuzidi ishirini kabla haujawaka tena. Mara moja nilifika sabini na tano nikawa nimekwisha kusimama, kisha ukawaka.

Mchana alizima, akavua kofia ngumu, akageuka. Akaniona. Alinitazama kwa muda ule ule anaoutumia kuutazama mti. Kisha alitazama gogo lililokuwa kati yetu, na mteremko, na mahali nilipokaa.

"Hapo ulipokaa," alisema, "hili likianza kubingirika linakuja kwako. Kaa upande wa juu."

Nikainuka, nikaanza kupanda kwenda upande wa juu. Ilinichukua muda. Hakuwasha msumeno mpaka nilipofika.